Safari ya siku moja Msitu wa Kakamega: nilichokosea mara mbili na nilichopatia mara ya tatu

Mkazi wa Mamboleo (mwanzilishi wa uzi)

Nimekwenda upande wa Isecheno mara tatu katika miaka miwili, na mara mbili za kwanza nilirudi Kisumu nikinung'unika kwamba msitu huu unasifiwa kupita kiasi. Mara ya tatu, mwezi uliopita, nilirudi nikiwa nimenyamaza, hata mke wangu akaniuliza kama naumwa. Naanzisha uzi huu kwa sababu kila likizo inapokaribia watu huuliza swali lile lile, kwamba je, inawezekana kwenda na kurudi siku moja, na majibu wanayopewa ni picha za simu tu.

Safari ya kwanza nililipia kwa mwandalizi mmoja wa safari ambaye sitamtaja, kwa kuwa nia yangu si kumharibia biashara. Tuliahidiwa kuondoka saa moja asubuhi, tukaondoka saa tatu kasorobo. Tukasimama Ilesi kupiga picha mbele ya Ikhongo Murwi, lile jiwe linalosemekana kulia. Tukasimama tena kijijini kutazama ngoma ya robo saa. Tukaongozwa kwenye meza za bangili za shanga ambazo nimeziona zile zile Naivasha na Malindi. Tukala wali na kuku kwa saa moja na nusu. Na hatimaye, saa nane na robo mchana, tukaingia msituni. Saa hiyo ndege wameshanyamaza, mbega wamejilaza kwenye matawi ya juu wakisubiri majani waliyokula yasagike tumboni, na mawingu yamekwisha kurundikana. Tulitembea dakika arobaini, mvua ikatufukuza, na huo ndio ukawa msitu wetu.

Safari ya pili kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilitaka kuona Isecheno kusini na Buyangu kaskazini kwa siku moja. Kwenye ramani sehemu hizo zinaonekana kama majirani wanaoweza kuazimana chumvi, lakini sisi tulilazimika kurudi hadi mjini Kakamega, kushika barabara ya Webuye, kisha kukata kulia tena kuelekea msituni. Nilitumia muda mwingi zaidi nikiangalia kioo cha gari kuliko nilivyoangalia miti.

Mara ya tatu nilimpigia simu mwelekezi siku nne kabla, mwenyeji wa eneo hilo hilo, tukakubaliana malipo yake mapema bila kubishana langoni. Tuliondoka Kondele, hapa Kisumu, saa kumi na nusu za alfajiri, watu wanne ndani ya gari moja, na kabla ya saa kumi na mbili unusu tulikuwa Isecheno. Jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba tusimame pale njia inapoingia chini ya miti, tuzime simu, tusiseme neno kwa dakika kumi. Mmoja wetu, ambaye ni wakili na hajawahi kunyamaza dakika kumi tangu azaliwe, alianza kucheka. Kisha ukasikika mngurumo kutoka juu, mzito, kama pikipiki kubwa inayowashwa mbali, ukajibiwa na mwingine upande wa pili wa bonde, na wa tatu nyuma yetu. Walikuwa mbega madume wakitangaza mipaka yao. Kulipopambazuka tukawaona wamepanda vileleni kuota jua, yale manyoya meupe ya mabegani yakining'inia kama shuka iliyoanikwa. Mwelekezi alitueleza kwamba mbega hana kidole gumba cha maana, amebaki na kinundu tu, na kwamba vidole vinne vilivyobaki humtosha kushika tawi kama kulabu. Nimewaona mbega tangu utotoni na sikuwa nimewahi kutazama mkono wao.

Kuanzia hapo tulitembea polepole kwa saa nne. Tuliona mti aina ya mwiritsa, ambao wataalamu huuita Prunus africana, ukiwa na kovu refu mahali ulipochunwa gome, kwa sababu gome hilo hutafutwa sana kwa dawa ya tezi dume. Tuliona mtini ulioanza kama mbegu iliyodondoshwa na ndege juu ya tawi la mti mwingine, ukateremsha mizizi hadi ardhini, ukauzunguka mwenyeji wake hadi akafa na kuoza, na sasa umesimama wenyewe ukiwa na uwazi katikati, ambamo mtu mzima anaweza kuingia na kutazama juu kama aliye ndani ya bomba la moshi. Hondohondo walipita juu yetu wakipiga mbawa kwa sauti unayoisikia kabla hujawaona. Tulimaliza kwa kupanda kilima cha Lirhanda, ambako ukungu ulikuwa bado unainuka kutoka kwenye miti na ukingo wa Nandi ukionekana mashariki. Ubavuni mwa kilima hicho kuna shimo la wachimba dhahabu wa zamani, ambalo sasa ni makao ya popo. Harufu yake haina haja ya maelezo.

Saa sita tulikuwa tumemaliza. Ndipo tukaenda kijijini, na kijiji kile kile kilichonichosha mara ya kwanza kikawa mahali pa kupumzika. Kwa maoni yangu, basi, mpangilio wa safari nyingi umegeuzwa miguu juu: msitu unahitaji alfajiri, kijiji kinaweza kungoja mchana. Wenye uzoefu mwingine nawaomba wauandike hapa.

Mama Wawili, Nakuru

Asante sana kwa maelezo haya, ndugu. Nina watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa kumi na miwili, na wamenisumbua tangu walimu wao walipowafundisha kwamba Kenya ina msitu mmoja tu wa mvua wa aina ya ile ya Kongo. Je, kutoka Nakuru safari ya siku moja inawezekana, au najidanganya? Pia naomba kujua kama mtoto wa miaka tisa anaweza kustahimili saa nne za kutembea, maana huyu wangu huanza kuuliza kuhusu chakula kabla hatujafunga lango la nyumbani.

Dereva wa Njia ya Chavakali

Mama, kutoka Nakuru usijidanganye. Hata ukipita Eldoret na Kapsabet ukateremka hadi Chavakali, au ukipita Kericho na Kisumu, hutatumia chini ya saa nne kwa kwenda tu, na hizo ni saa za dereva asiyesimama kununua mahindi ya kuchoma. Njoo jioni ya kuamkia siku hiyo, ulale Kakamega au Kisumu, na asubuhi uanze ukiwa na nguvu. Ukilala Kakamega utaamka saa kumi na moja badala ya saa tisa.

Kwa wasio na gari, matatu za Kisumu kwenda Kakamega hupita Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali, na unashuka Khayega kabla hujafika mjini. Hapo utapata boda boda za Shinyalu, na Shinyalu utapata wa kukupeleka hadi Isecheno. Patana nauli kabla ya kupanda, na umwambie akurudie saa fulani, kwa maana jioni ukiwa ukingoni mwa msitu na mvua inanyesha, bei hubadilika, na ningekuwa mimi pia ningeibadilisha. Kipande cha mwisho cha barabara kikilowa huteleza kama mrenda. Gari la chini litafika, lakini litafika likiwa limekwenda upande upande.

Asiyevutiwa

Nitaharibu sherehe kidogo. Nilipelekwa huko na kikundi cha kazini, na kilichonikera si saa ya kufika, ni kijiji chenyewe. Wazee walikuwa wameketi chini ya mti wakipiga soga, gari letu likaonekana, wakainuka, wakavaa njuga, wakapiga ngoma ya isukuti kwa dakika kumi na tano kamili, wakapitisha kofia, wakaketi tena. Ngoma inayowashwa na kuzimwa kama redio ni biashara, na si vibaya kufanya biashara, lakini tusiambiane kwamba tumeona utamaduni. Afadhali mtu abaki msituni, kwani mbega hawapitishi kofia.

Mwalimu Mstaafu, Isukha

Nimesoma maoni ya ndugu Asiyevutiwa mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu ana haki ya sehemu fulani na sehemu nyingine amewaonea wazee wangu.

Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya. Hupigwa mtoto anapozaliwa, vijana wanapotahiriwa, watu wanapooana na mzee anapozikwa, na ngoma zake ni tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma, huku mwimbaji mmoja akitangulia na wengine wakimwitikia. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Tafadhali zingatieni neno haraka. Haikuwekwa kwenye orodha ya mambo ya kujivunia tu. Iliwekwa kwa sababu wengi wa wanaoijua ni wazee, vijana wa kuwarithi ni wachache, nafasi za kuipiga zinapungua, na fedha na vifaa vya kutengenezea ala ni shida. Mazishi ya siku hizi yana vipaza sauti vya kukodi. Kijana anayejua kupiga ile ngoma ndogo kwa mkono mmoja huku ameikumbatia kwapani anaweza kukaa mwezi mzima bila mtu kumwita.

Sasa niambie, ndugu yangu, mzee huyo afanye nini? Mpigaji mzuri hata zamani hakuondoka mikono mitupu; alikula, alikunywa busaa, na aliyefurahishwa naye alimtuza. Kofia unayoilalamikia ni tuzo hiyo hiyo. Nakubaliana nawe kwamba dakika kumi na tano ni dharau, lakini muda huo hupangwa na mwenye gari ambaye ana ratiba, si na wenye ngoma. Kaa saa moja, keti nao, uliza wimbo unamsema nani, na utashangaa jinsi ngoma inavyobadilika wanapogundua kwamba kuna mtu anasikiliza maneno. Nimewahi kuwaona wakimwimba mgeni aliyelala usingizi kwenye kiti, na mgeni mwenyewe akaamka akapiga makofi.

Na kuhusu lile shimo la Lirhanda ambalo mwanzilishi wa uzi amelipita haraka kwa sababu ya harufu ya popo, ningependa watakaokwenda walitazame vizuri zaidi. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyowaahidi Waafrika kwamba ardhi za akiba, yaani maeneo waliyotengewa, zingekuwa zao milele, na kwamba kipande chochote kitakachochukuliwa kwa shughuli za umma kitafidiwa kwa kipande kingine. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana Kakamega. Wazungu wakamiminika, wengi wao wakiwa walowezi walioumizwa na kuanguka kwa bei za mazao, na kufikia mwisho wa mwaka 1932 sheria ile ya milele ikarekebishwa ili ardhi yenye dhahabu iweze kuchukuliwa bila kutoa ardhi nyingine badala yake. Milele ilidumu miaka miwili. Mwaka 1933 msitu nao ukatangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi. Kwa hiyo babu zetu waliona katika kipindi kifupi ardhi ikipimwa kwa ajili ya dhahabu na miti ikiwekewa mipaka, na mzee mmoja aliyenisimulia habari hizo nikiwa kijana hakuwa akitofautisha sana baina ya kamba ya mpimaji wa kwanza na ya mpimaji wa pili. Mgeni akiyajua hayo, ataelewa kwa nini mama anayetoka msituni na mzigo wa kuni hamtazami mtu aliyevaa sare kwa macho ya kirafiki kila mara, hata kama kibali chake cha kuokota kuni kavu kimo mfukoni.

Mkazi wa Mamboleo (mwanzilishi wa uzi)

Mwalimu, nimepokea. Lile shimo nilichungulia kwa tochi ya simu nikarudi nyuma, na sikujua kwamba nilikuwa nachungulia sheria.

Mama Wawili, kuhusu watoto: msiende saa nne mfululizo. Mwombe mwelekezi njia fupi za karibu na Isecheno, na apitie kwenye ule mti mkubwa wenyeji wanaouita Mama Mutere, ambao watoto huupenda kwa sababu una jina. Mutere ni jina la aina ya mti, Maesopsis eminii kwa wataalamu. Beba chakula chako cha asubuhi, chai kwenye chupa na mandazi, kwa maana saa hiyo hakuna mtu aliyewasha jiko. Mwambie huyo wa miaka tisa kwamba kima hula kwanza, na yeye atakula baada ya kuhesabu kima kumi. Kuna aina kadhaa, na yule mwenye mkia mwekundu na doa jeupe la umbo la moyo puani hatambuliki kwa shida.

Mpenda Ndege wa Milimani

Naongeza neno kuhusu kuchagua upande, kwa sababu mwanzilishi amesema tusichanganye pande mbili lakini hakusema tuchague upi.

Isecheno iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na ndiko kuliko na miti mikubwa zaidi, vijiji karibu, na waelekezi wengi waliokulia hapo hapo. Buyangu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, iko chini ya Huduma ya Wanyamapori, na kumetulia zaidi. Kuna mto Isiukhu na maporomoko yake, na kilima cha Buyangu chenye mandhari ya kupendeza. Malipo ya kuingia huko hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo, hivyo fungua akaunti ukiwa nyumbani penye mtandao, si ukiwa langoni umeinua simu juu kama anayeomba mvua. Sehemu kubwa ya Buyangu ni msitu ambao bado haujakomaa, yaani ulikatwa miaka ya nyuma na sasa unajirudisha, ambapo mapera pori yamejaa kwenye kingo. Mtu asidharau mapera hayo, kwa sababu kima huyafuata, na ndege pia. Ukitaka kima wa De Brazza, yule mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa, itakubidi uende Kisere, kipande kidogo kilichojitenga kaskazini. Huyo si wa safari ya siku moja yenye watoto.

Kwa ndege, mimi huchagua Isecheno bila kusita. Kuna ndege mkubwa wa rangi ya buluu, mwenye kishungi cheusi na mdomo wa njano wenye ncha nyekundu, mkubwa kuliko jogoo, ambaye hawezi kuruka angani vizuri. Hukimbia juu ya matawi kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, kisha hujitupa na kupeperuka hadi mti wa chini. Hapa kwetu nchini ni msitu huu ndio wa kumtafuta kwa matumaini makubwa. Niliwahi kumngoja siku nzima bila mafanikio, nikamkuta jioni juu ya choo cha wageni.

Na tusisahau kwamba msitu huu ni mabaki. Ulikuwa kipande cha mkanda mmoja uliounganika na misitu ya Uganda na Kongo, na huu wetu ndio ncha ya mashariki kabisa. Eneo lililotangazwa ni takriban kilomita za mraba 240, lakini lenye miti ya asili halifiki nusu ya hapo. Ukiwa Lirhanda, badala ya kutazama miti tu, geuka utazame mahali inapokomea: mstari ulionyooka, kisha majani chai, kisha mahindi, kisha mabati. Chai hiyo nayo ina historia, kwa kuwa ukanda wa chai wa Nyayo ulianzishwa mwaka 1986 ili uwe kama ua baina ya mashamba na misitu.

Kijana wa Boda, Shinyalu

Naomba niseme machache ya vitendo. Vaa suruali ndefu na uingize miguu ya suruali ndani ya soksi, kwa sababu siafu hawabishi hodi. Usivae viatu vyeupe. Beba koti la mvua hata kama jua linawaka, hasa Aprili na Mei; miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mikavu zaidi. Usiingie msituni bila mwelekezi, kwa kuwa njia zinafanana, na kuna moma ambaye amelala juu ya majani makavu na rangi yake ni majani makavu hayo hayo. Mimi nimezaliwa hapa na bado siingii peke yangu jioni.

Ukiwa Shinyalu siku ya mapambano ya mafahali, ambayo hufanyika asubuhi na mapema, utawaona wakisindikizwa kwa pembe na nyimbo. Hiyo haikupangiwa mgeni yeyote. Simama mbali na uangalie wenyeji wanakimbilia upande gani.

Asiyevutiwa

Mwalimu, umenijibu kwa upole kuliko nilivyostahili, na nakubali kwamba nililaumu wapigaji kwa kosa la ratiba. Lakini bado nina swali ambalo hakuna aliyeligusa. Katika ile safari yangu tulilipa pesa nyingi kwa mwandalizi, na nilipomuuliza mzee mmoja wanapata kiasi gani kutoka kwa gari kama letu, alicheka akasema wanapata kilichomo kwenye kofia. Yaani ngoma imo kwenye tangazo, imo kwenye bei, lakini haimo kwenye malipo. Ndiyo maana nilikasirika. Kama mtu anataka kuwa na safari ya haki, nadhani asahau neno utamaduni kwanza, aulize nani analipwa.

Na zile bangili pia. Niliuliza zimetengenezwa wapi, muuzaji akanitazama kama niliyeuliza umri wake.

Mwalimu Mstaafu, Isukha

Hapo tumekutana, ndugu yangu. Jibu langu ni fupi: mpigie mwelekezi wa hapa moja kwa moja, mwambie unataka ngoma, naye atazungumza na kikundi, na mkubaliane kiasi ambacho kila mmoja anakijua. Kofia ibaki kwa ajili ya furaha.

Kuhusu vitu vya kununua, acheni shanga. Kando ya barabara pale Ilesi kuna akina mama wanaouza vyungu vya udongo walivyofinyanga wenyewe, na ukimuuliza mmoja udongo umetoka wapi, atakuonyesha kwa kidole. Ukingoni mwa msitu kuna wakulima wa kikundi cha Muliru wanaokuza mmea wenye harufu kali uitwao Ocimum kilimandscharicum, wanaukamua mafuta na kutengeneza dawa ya kujipaka kwa mafua na maumivu ya viungo, iitwayo Naturub. Sababu yake ni nzuri pia: shamba la mmea huo huingiza pesa bila mtu kuingia msituni na panga. Na kuna mukombero, ule mzizi unaotafunwa, ambao wanaume hununua wakitazama pembeni. Mzizi huo ulikuwa ukichimbwa porini hadi ukawa adimu, na sasa wapo wanaoupanda nyumbani. Nunueni wa kupandwa.

Mama Wawili, Nakuru

Narudi kutoa taarifa, kwa kuwa niliahidi nyumbani kwamba nitawashukuru.

Tulilala Kakamega, tukaamka saa kumi na moja, na watoto walilalamika hadi tulipofika chini ya miti. Mwelekezi alitutaka tunyamaze kama ilivyoandikwa hapa. Mwanangu mdogo alinyamaza dakika tatu, akanong'ona kwamba ana njaa, na wakati huo huo mbega wakanguruma, akanishika mkono na hakusema tena neno la chakula hadi saa tatu. Mkubwa alihesabu kima kumi na saba, ingawa nashuku kwamba wengine aliwahesabu mara mbili. Ndege wa buluu hatukumwona. Nilikagua hata paa la choo.

Lirhanda tulipanda polepole. Nilimsimulia mkubwa habari za sheria ya mwaka 1930 mbele ya lile shimo, naye akauliza kama wale waliopoteza ardhi walirudishiwa dhahabu ilipokwisha. Sikuwa na jibu, na mwelekezi wetu alitazama bondeni akasema tuteremke kabla ya mvua.

Mvua ilitukuta kijijini saa nane kasorobo. Tulijikinga chini ya paa la nyumba ya kikundi cha ngoma, ambao tulikuwa tumekubaliana nao watupigie kwa muda wa saa moja alasiri hiyo, na kwa kuwa mvua haikukatika tulikaa saa mbili na nusu. Kwa saa ya kwanza walipiga kwa ajili yetu. Baadaye waliendelea kwa ajili yao wenyewe, wakibishana katikati ya nyimbo juu ya nani amekosea, na bibi mmoja akamfundisha mwanangu mdogo kuikumbatia ile ngoma ndogo. Mkono wake haukuizunguka yote. Tulikula ugali, kuku wa kienyeji na mrenda, na mtoto ambaye nyumbani hagusi mboga yoyote ya kijani alimaliza sahani kwa sababu wapigaji wote walikuwa wakila.

Tulinunua chungu kimoja Ilesi, kikavunjika Nandi Hills kwa sababu ya kona na uzembe wangu wa kukiweka chini ya kiti. Tunapanga kurudi Desemba, safari hii Buyangu na Kisere kwa siku mbili. Kama Mpenda Ndege wa Milimani bado yupo hapa, naomba aniambie kima wa De Brazza huonekana zaidi saa ngapi, na kama mtoto atakayekuwa amefikisha miaka kumi anaweza kwenda.